Kuku wa moshi wa asali na pilipili: mwongozo kwa anayeanza, kwa pipa au kwa sufuria

Baridi ikianza kushika mwezi wa tano, watu wanakumbuka moto, na maswali yanakuwa yale yale ya mwaka jana. Mbona ngozi imekuwa kama mpira? Mbona asali imeungua juu na huku paja bado lina damu? Kuku wa kienyeji anafaa? Sina pipa, nifanyeje? Majibu yote nayaweka hapa, kwa vitu vinavyopatikana Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe, bila kuagiza chochote nje.

Ukisahau mengine yote, shika mpangilio huu: moshi kwanza, asali mwisho. Wengi wanaoharibu kuku wanaharibu hapo. Wanamlaza usiku kucha kwenye asali na pilipili, kisha wanamweka motoni masaa mawili. Asali haivumilii masaa mawili. Sukari yake inaanza kubadilika rangi kwenye nyuzi 110 hivi, na pipa letu litakuwa na joto zaidi ya hapo. Kuku atatoka mweusi na mchungu kabla paja halijaiva. Asali inapakwa dakika ishirini za mwisho, basi.

Andaa hivi kabla ya kuwasha moto

*Kuku.* Kwa mara ya kwanza chukua broila wa kilo 1.2 hadi 1.5 akiwa amesafishwa. Ana mafuta ya kutosha chini ya ngozi na nyama yake ni laini, kwa hiyo atakusamehe ukikosea kidogo. Chotara naye anafaa kama ni mchanga. Kienyeji nimemwekea sehemu yake huko chini, maana taratibu zake ni tofauti.

*Pipa.* Lile la nyama choma, lililopasuliwa kwa urefu na kufungwa bawaba, ndilo tunalolitaka, mradi lina mfuniko unaofunga vizuri. Kama unamtengenezesha fundi wa kuchomelea, mwambie aweke tundu la hewa chini upande mmoja na tundu la kutolea moshi juu upande wa pili, yote mawili yawe na kifuniko cha kusogeza. Muulize pipa lilibeba nini. La mafuta ya kula ni sawa. La dawa za shambani, rangi au kemikali za viwandani liache, hata kama amelichoma moto mbele yako. Wavu nao usiwe wa waya wa mabati ule wa kujengea mabanda ya kuku: ile rangi ya fedha ni zinki, na zinki ikipata moto mkali inatoa moshi unaodhuru. Nondo nyembamba zilizochomelewa, au wavu wa chuma wa jiko, ndiyo sahihi.

*Mkaa.* Sado tatu za mkaa mzito zinatosha kuku mmoja au wawili. Mkaa wa miti ya asili au wa miwati unakaa vizuri. Ukiwa Makete, au Makambako kwenye ule upepo wao mwezi wa saba, ongeza sado moja ya akiba, kwa sababu upepo unanyonya joto kwenye pipa la bati kuliko baridi yenyewe inavyofanya.

*Kitu cha kutoa moshi.* Tukae hapa kidogo, maana ladha inatoka hapa. Huku kwetu kuna kitu ambacho karibu kila nyumba inakitupa au inawashia jiko: magunzi ya mahindi. Gunzi kavu linatoa moshi mwepesi wenye utamu wa mbali, halina utomvu, na haliifuniki ladha ya kuku. Magunzi matano au sita yanamaliza kazi. Lakini uliza kwanza yametoka wapi. Mahindi yaliyohifadhiwa na magunzi yake na kunyunyiziwa dawa ya unga ya dumuzi, hiyo dawa imebaki kwenye gunzi, na wewe utaipandisha kwenye nyama. Chukua ya mahindi yaliyopukuchuliwa kabla ya kutiwa dawa, yawe makavu kabisa na yasiwe na ukungu.

Ukitaka moshi wenye uzito zaidi, changanya magunzi na vipande vya mpera, mchungwa au mpichi. Walio Mbozi wana bahati: matawi ya mibuni yanayokatwa wakati wa kupogoa, yakikauka miezi michache, ni kuni nzuri sana za moshi. Vipande viwe vya ukubwa wa ngumi ya mtoto. Maranda ya seremala yanaungua dakika tatu na kukuachia uchungu tu, na huwezi kujua ni ya mti gani.

Visivyofaa ni hivi, na sina mjadala navyo. Paina na misaipresi: utomvu wake unatoa masizi yanayoganda kwenye ngozi. Mkaratusi: nyama itanuka dawa ya kifua. Minyaa ya uzio: utomvu wake una sumu. Vipande vya nguzo zilizotiwa dawa, vile vyenye rangi ya kijani vinavyookotwa kirahisi Mufindi na Njombe: dawa yake mara nyingi ina aseniki, na haifai hata kuwashia jiko la kuchemshia maji. Mbao zenye rangi na plaiwudi, vivyo hivyo.

*Kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama.* Ukikipata, nusu ya matatizo yako yameisha. Kijaribu kwenye maji yanayochemka, lakini usitegemee kisome 100. Mbeya mjini iko kama meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Iringa mjini ni karibu 95, Njombe mjini inashuka chini ya 94. Kikisoma 94 Mbeya ni kizima, usikirudishe dukani.

*Vingine vidogo.* Sinia la bati la kukinga mafuta, koleo ndefu, brashi safi ya kupakia, sufuria ndogo ya sosi, karatasi ya foili, na mkasi imara wa jikoni au kisu kizito.

Sosi ya kupaka

Kwa kuku mmoja:

- asali, vijiko 6 vya chakula
- nyanya ya kopo, vijiko 2 vya chakula
- siki au maji ya limao, vijiko 2 vya chakula
- sosi ya soya, kijiko 1 cha chakula
- kitunguu saumu, punje 4 zilizotwangwa
- tangawizi mbichi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba, iliyokwanguliwa
- pilipili mbuzi 1, au pilipili kichaa 4 hadi 6
- siagi au mafuta, kijiko 1 cha chakula
- chumvi kidogo, baada ya kuonja

Asali ya nyuki wakubwa inatosha, kama ile nzito ya miombo inayotoka Chunya. Ya nyuki wadogo ni chachu na ghali, ibakize ya chai na kifua. Na asali yako ikiganda na kuwa na chembechembe, usimwite muuzaji tapeli. Kwenye baridi hii asali nzuri nayo inaganda. Weka chupa kwenye maji ya moto, itayeyuka.

Kuhusu pilipili: mbuzi ina harufu nzuri inayopatana na asali, kichaa inawasha tu. Mimi niko upande wa mbuzi, na mbegu zake natoa. Kama watoto watakula, pika sosi bila pilipili, gawa mara mbili, kisha tia pilipili upande mmoja. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa hiki chakula, kwa sababu asali haifai kwake, hata iliyopikwa.

Nyanya ya kopo ndiyo inayoifanya sosi ishike. Ukitaka kutumia nyanya mbichi za Ilula, sawa, ila itabidi uzichemshe zikauke karibu zote kabla ya kutia asali, na hiyo ni kazi ya nusu saa nzima. Wapo pia wanaoniuliza kama unaweza kutia ulanzi. Ulanzi unywe.

Hatua kwa hatua

1. Mpasue kuku mgongoni. Mlaze kifua chini. Kata kwa mkasi pande zote mbili za uti wa mgongo, utoe, kisha mgeuze na umbonyeze kifuani kwa kiganja mpaka mfupa ulie na alale bapa. Kuku mzima aliyesimama anaiva kidari kwanza na paja mwisho. Aliyelala bapa anaiva pamoja na moshi unamfikia pande zote. Uti wa mgongo weka kwa ajili ya supu. Ukitaka kumwosha, mwoshe taratibu ndani ya beseni. Maji ya kuku mbichi yakirukia kachumbari, umeshapeleka tumbo la kuendesha mezani.

2. Mloweke kwenye maji ya chumvi. Lita 2 za maji baridi, vijiko 6 vya chakula vya chumvi laini vilivyosawazishwa, koroga mpaka iyeyuke. Mzamishe kuku, funika, weka ndani ya friji masaa manne hadi manane. Chumvi inaingia ndani na nyama inashika maji yake motoni. Kupita masaa kumi na mbili nyama inaanza kuwa na chumvi kali na ulaini usiopendeza. Kama huna friji, usimwache nje kwa kutegemea baridi ya usiku. Ruka hatua hii: mpake vijiko viwili vya chai vya chumvi kila upande na ndani ya mikunjo, saa moja kabla ya kwenda motoni.

3. Mkaushe. Mtoe kwenye maji, mfute kwa kitambaa safi au karatasi mpaka ngozi isiwe na unyevu, halafu mrudishe kwenye friji bila kumfunika kwa masaa mawili au zaidi. Usiruke. Ngozi yenye maji haishiki moshi vizuri, inashika masizi, na haitakauka hata ufanye nini. Wanaolalamika kuhusu ngozi, nusu yao waliruka hapa.

4. Mpake viungo vikavu. Mafuta kidogo, pilipili manga, binzari nyembamba na kitunguu saumu cha unga. Chumvi hapana, ameshaipata. Sukari hapana, na asali hapana. Nimesharudia hilo, na nitarudia tena.

5. Washa mkaa nje ya pipa. Tumia jiko la kawaida, na uwashie kwa magunzi, vijiti au karatasi. Mafuta ya taa yanabaki kwenye mkaa na yatasikika kwenye nyama. Vipande vya ndoo ya plastiki na nailoni, ambavyo wengi wetu tumezoea kuwashia jiko, vinatoa moshi wa sumu; usiviweke karibu na chakula. Subiri mpaka mkaa wote ushike na ufunikwe na majivu meupe juu.

6. Panga pipa. Mimina mkaa uliowaka upande mmoja tu, ule wenye tundu la hewa. Upande wa pili weka sinia lenye maji kidogo, lisimame chini kabisa ya mahali kuku atakapolala: linakinga mafuta, na maji yake yanatuliza joto lisipande na kushuka. Funika, acha matundu wazi nusu. Tunataka nyuzi 120 hadi 135. Kama huna cha kupimia joto la pipa, weka kiganja juu ya wavu upande wa kuku na uhesabu taratibu. Ukiweza kufika nane au kumi kabla ya kuondoa mkono, joto ni sahihi. Ukikimbia kwenye nne, punguza hewa ya chini. Ukifika kumi na tano huku unapiga stori, ongeza mkaa.

Geuza pipa ili tundu la hewa lisitazamane na upepo. Mwezi wa sita na wa saba, bati la kukinga upepo lililosimamishwa kando ya pipa linakuokolea mkaa mwingi.

7. Tia magunzi, halafu subiri. Weka magunzi mawili na kipande kimoja cha kuni juu ya mkaa, funika. Dakika za kwanza moshi unatoka mweupe, mzito, unaochoma macho. Huo siyo wetu. Ni wa kuni ambayo haijashika vizuri, na ukimweka kuku sasa hivi ngozi yake itakuwa chungu ulimini. Ngoja dakika tano hadi kumi mpaka moshi uwe mwembamba, karibu hauonekani, wenye rangi ya bluu kwa mbali. Uuone ukitokea tundu la juu huku nyuma yake pana kitu cheusi, hapo rangi inajionyesha. Wengine wanaloweka kuni ili zitoe moshi mwingi. Zinachotoa ni mvuke, na zinachelewa kushika. Tumia kavu.

8. Mweke kuku, ngozi juu, miguu ikielekea upande wa moto. Mapaja yanahitaji joto zaidi kuliko kidari, ndiyo maana yanakuwa karibu. Funika. Sasa kazi ngumu kuliko zote: usifunue. Kila ukifunua unapoteza joto la dakika kadhaa, na kwa baridi ya Uporoto hata zaidi. Baada ya dakika arobaini na tano ongeza magunzi mawili, na mkaa uliokwisha kushika, kisha funika tena. Moshi wa saa moja ya kwanza ndio unaofanya kazi. Baada ya hapo usiongeze kuni, endelea na joto la mkaa tu.

9. Pika sosi wakati unasubiri. Kaanga kitunguu saumu, tangawizi na pilipili kwenye siagi, moto mdogo, dakika moja. Tia nyanya ya kopo, iache ibadilike rangi iwe nyekundu ya kuiva. Tia soya na siki, mwisho asali. Punguza moto na ukoroge dakika sita hadi nane. Chovya kijiko, kigeuze, pitisha kidole mgongoni: njia ikibaki wazi bila sosi kuifunika, imekuwa tayari. Ikiwa nzito kupita hapo, ongeza kijiko cha maji, kwa sababu itazidi kukaza ikipoa. Chukua vijiko vinne uviweke pembeni kwa ajili ya mezani. Brashi iliyogusa kuku isiingie humo.

10. Pima. Kwa broila wa kilo 1.3 aliyelala bapa, anza kupima baada ya saa moja na robo. Choma kipimajoto katikati ya kidari, sehemu nene, bila kugusa mfupa. Kikisoma 65 hadi 68, ni wakati wa sosi. Kisipofika, funika na ungoje dakika kumi na tano.

11. Paka. Paka safu nyembamba juu, funika dakika saba. Paka tena, funika dakika saba. Safu mbili nyembamba zinang'aa na kushika. Safu moja nene inatiririka kwenye sinia na unabaki kumpa pole. Safu ya pili ikishaanza kunata, mshike kwa koleo umpeleke juu ya mkaa wenyewe, ngozi chini, sekunde thelathini hadi dakika moja, ukimsogeza sogeza. Ngozi inakauka na asali inapata rangi ya kahawia iliyoiva. Usigeuke kuongea na mtu hapa. Kati ya kahawia na nyeusi kuna sekunde chache tu.

12. Pima tena, kisha mpumzishe. Kidari lazima kifike nyuzi 74, na paja ni zuri zaidi likifika 80. Kuwa juu milimani hakubadilishi namba hizi. Mweke kwenye sinia bila kumfunika dakika kumi, kisha mkate.

Kama huna kabisa kipimajoto, toboa sehemu nene ya paja hadi karibu na mfupa. Majimaji yawe meupe yasiyo na damu, nyama iachie mfupa, na mguu ukiuzungusha uzunguke wenyewe. Ukiwa na shaka, mwongeze dakika kumi upande wenye joto dogo.

Kwa asiye na pipa: sufuria

Mpangaji mwenye jiko moja la mkaa anaweza kupata moshi mzuri tu, ila afanye nje au kwenye baraza iliyo wazi. Mkate kuku vipande vinane. Vichemshe kwa maji kidogo, chumvi na tangawizi, dakika ishirini na tano kwa broila, mpaka viive. Vitoe, vifute vikauke.

Chukua sufuria nzito ya zamani yenye mfuniko, tandika foili chini na kidogo kupanda ukutani. Vunja gunzi moja liwe vipande vya ukubwa wa punje za karanga, tandaza. Juu yake weka kistendi cha chuma, panga vipande vya kuku bila kubanana, funika, kisha ziba ukingo wa mfuniko kwa foili. Weka kwenye mkaa mkali mpaka uone moshi unapenya, halafu punguza mkaa na uhesabu dakika ishirini. Fungulia nje, uso ukiwa pembeni. Malizia kwa kuvipaka sosi na kuvibanika dakika chache kwenye wavu juu ya mkaa ule ule. Ladha siyo ya pipa kamili, lakini mgeni hatajua.

Kuku wa kienyeji

Jogoo aliyekimbia mtaani mwaka mzima hawezi kulainika kwa joto kavu la masaa mawili. Atakauka, na meno yako yatajuta. Mchemshe kwanza. Mpasue mgongoni, mtie maji ya kumfunika, chumvi, tangawizi na kitunguu, moto mdogo mpaka uma uingie pajani bila kulazimisha. Kwa temba ni dakika arobaini hivi. Kwa jogoo mzee ni saa moja na nusu au zaidi, na kumbuka kwamba maji yetu yanachemka na joto dogo kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo usimwamini shangazi wa Pwani kuhusu muda. Mtoe akiwa bado ameshikamana, mkaushe, kisha mpeleke kwenye moshi dakika arobaini na tano hadi saa moja. Sosi ni ile ile, mwisho kabisa. Ule mchuzi wa kuchemshia ni zawadi yako: pikia wali wa Kyela.

Mambo yakienda kombo

*Ngozi inavutika haikatiki.* Joto lilikuwa chini ya 115 kwa muda mrefu, au ngozi iliingia ikiwa na maji. Kwa leo, mrudishe ngozi chini juu ya mkaa kwa dakika moja. Kwa siku nyingine, mkaushe vizuri na upandishe pipa lifike 135.

*Nyama chungu, ulimi unakufa ganzi kidogo.* Moshi mweupe. Umeziba tundu la juu, au kuni zilikuwa mbichi, au umezijaza nyingi. Tundu la juu lisifungwe kabisa hata siku moja. Joto linarekebishwa kwa tundu la chini.

*Nyama karibu na ngozi ni ya pinki.* Kama kipimajoto kimesoma 74, ameiva. Gesi za moshi zinashika rangi nyekundu ya nyama na kuifanya ibaki pinki hata baada ya kuiva. Pinki ya kutisha ni ile iliyo karibu na mfupa wa paja, yenye ulaini wa ubichi na majimaji ya damu. Huyo mrudishe.

*Sosi inateleza haishiki.* Ni nyepesi, au ngozi ina mafuta mengi juu. Mfute kwa karatasi kabla ya kupaka, na chemsha sosi dakika tatu zaidi.

*Asali imeungua.* Kwangua sehemu nyeusi, paka safu moja mpya, mweke upande usio na moto dakika tano. Ikiwa imeungua kote, vua ngozi, chambua nyama, changanya na ile sosi ya pembeni, mle na viazi vya kuchemsha. Hakuna atakayeuliza.

*Joto halipandi.* Majivu yameziba hewa. Yachokonoe yashuke. Kama siyo hayo, ni mkaa wenye unyevu, jambo la kawaida masika ya Tukuyu. Uanike, au uweke kando ya jiko ukauke kabla.

*Kidari kimekauka.* Umepitiliza. Kitoe kwenye 74, siyo 85, na usiache kumlaza miguu ikitazama moto.

Kuhifadhi, na onyo moja la baridi

Watu wanaona neno moshi wanafikiri kuku huyu atakaa wiki nzima juani kama samaki wakavu wa Ziwa Nyasa. Hapana. Samaki wale wametolewa maji karibu yote. Huyu bado ana maji yake, moshi umempa ladha tu. Ndani ya masaa mawili baada ya kula, kilichobaki kiingie kwenye friji, na kiliwe ndani ya siku tatu au nne. Kupasha, tumia sufuria yenye mfuniko na kijiko cha maji, moto mdogo, maana asali inaungua hata mara ya pili.

Na mkaa ule uliobaki kwenye pipa, hata kama usiku wa Njombe unakata mifupa, usiuingize chumbani kuota moto. Mkaa unaokaribia kuzima unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na familia zimelala nayo zisiamke. Umwagie maji nje, au funga matundu yote ya pipa ujizimie wenyewe, na kesho utautumia tena.